Mabua Juu ya Kaburi la Bupe

Mtu akishuka Nyololo, pale malori yanapopumzika, akauliza kwa Bartholomeo mkulima wa ngano, ataulizwa, "Yule mkimya?" Ndiye huyo huyo. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi Veneranda nauza chai na supu hapo barabarani, na maisha yangu yote nimeongea maneno yangu na ya kwake pia. Ukimsalimia kamwene, ataitikia kamwene, na hapo umemaliza akiba yake ya siku. Ananiudhi. Nampenda, lakini ananiudhi, na nitasema yote mawili maana yote ni kweli.

Shamba lake liko juu, ukiiacha lami na kupanda katikati ya mipaina mpaka upepo uanze kukung'ata masikio. Wengi kule wameacha ngano, wamepanda miti ya mbao. Yeye hakuacha. Alijifunza ngano kwa baba yetu, na baba alipofariki akaendelea vile vile: analima mwezi wa pili, anapanda mvua zikianza kuelekea mwisho, anavuna kiangazi. Ukitaka kumwona akitabasamu, njoo siku ya kupura. Anachota ngano kwa viganja viwili, anapuliza makapi, anatabasamu, halafu anarudi kazini.

Mke alimpata Mbeya. Alikwenda kule kufuata mbegu ya ngano, akarudi na mbegu na mchumba, na mpaka leo sijui alimtongozaje bila maneno. Atuganile ni Mnyakyusa wa Ilomba, mwanamke wa sauti, akicheka jirani wa tatu anasikia. Siku alipoletwa nilimchokoza, nikamwambia, "Wifi, umeolewa na gogo." Akanijibu hapo hapo, "Sijaolewa, wifi. Nimemwoa mimi." Tangu siku hiyo nikajua nimepata mwenzangu.

Walikaa muda mrefu bila mtoto. Watu wakaanza kuuliza maswali yao yasiyo na adabu, ndipo akaja Bupe. Jina ni la kwao Atuganile, maana yake zawadi. Mtoto huyo alimfungua baba yake mdomo. Nilikuwa nikipita kando ya shamba nawasikia wanaongea, baba na binti, maneno mengi mfululizo, nami nasimama njiani kusikiliza sauti ya mdogo wangu ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau.

Kwetu mwezi wa sita ni mwezi wa ukungu. Unashuka alfajiri, unakaa mpaka mchana, na ndani yake kuna manyunyu ambayo huyaoni ila unashtukia nguo zimelowa. Ndio wakati ngano inatia maziwa na ndege wanaivamia. Bupe alipenda kwenda na baba yake kuamia ndege. Bartholomeo alimjengea dungu dogo pembe ya juu ya shamba, anakaa humo anapiga debe, ndege wakiruka anacheka. Asubuhi moja ndege walitua upande wa chini, baba akateremka kuwafukuza. Bupe naye akashuka kwenye dungu, akajitosa ndani ya ngano kufuata ndege wa upande wake. Ngano ilikuwa imemzidi kimo na imejaa maji. Baba yake alipomkuta, mtoto alikuwa amelowa chapachapa na bado anacheka. Jioni kifua kikambana. Hospitalini walifanya walichoweza. Haikuisha wiki, tukamzika.

Msibani Atuganile alisema neno moja tu, mbele ya watu wote. Alisema, "Ulimwacha akalowa." Bartholomeo hakujibu. Hakulia pia. Alichimba kaburi pamoja na vijana, pale pale pembe ya juu karibu na dungu, akashusha jeneza, akapiga magoti padre alipoomba, na macho yake yakabaki makavu. Wanaume wa kwetu hujikaza, sawa. Lakini baba wa mtoto mmoja asitoe hata chozi, watu walinong'ona, na Atuganile hakuwa kiziwi.

Baadaye alikwenda kwao kupumzika, akarudi na miche ya mti wa miiba iliyofungwa kwenye kitenge. Mti huo mama yake alikuwa anauchimba mlimani juu ya Mbeya, anachemsha mizizi yake kuwa dawa. Ukiukata, ndani ni wa njano, njano kabisa. Sisi hatukuwa na jina lake, tukauita miiba ya Atuganile. Aliupanda kuzunguka kaburi ili ng'ombe wasimkanyage mtoto. Yeye alishika mche, Bartholomeo akashindilia udongo, na walifanya hivyo mche kwa mche bila kutazamana. Katika ukoo wetu jambo hilo lina uzito wake. Kilichopandwa na baba na mama kwenye kaburi la mtoto hakiguswi na mtu mwingine, na mmoja wao hawezi kukiondoa bila mwenzake. Hata kikikauka kinaachwa hapo hapo mpaka wote wawili wasimame.

Ikafika Novemba, Siku ya Kuwaombea Marehemu. Baada ya misa kila mtu huenda kusafisha makaburi yake, maana mvua ziko karibu. Atuganile alibeba mzigo wa mabua ya ngano, akayatandaza juu ya tuta la Bupe, akayapanga kwa mkono yalale upande mmoja kama mtu anavyoezeka. Alipomaliza alimwambia mumewe, "Usimwache alowe tena." Kisha akaingia ndani, akachukua begi lililokuwa limeshafungwa, akateremka barabarani. Alikwenda Ilomba kwa kaka yake, Gwakisa, na hakurudi.

Nilimwambia Bartholomeo amfuate. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikampa vidonge vyake mbele ya wateja wangu wa supu. Alikuwa ananijibu, "Nitakwenda, dada." Miaka ikapita, na sisi na watu wa Ilomba tukawa hatusalimiani hata kwa simu.

Lakini mabua aliyaweka. Kila mwaka akivuna, alikuwa anatenga mzigo wa Bupe kabla ya mwingine wowote, na aliukata pembe ile ile ya juu, kando ya kaburi, kwa sababu pale ndipo mtoto alipokuwa anaamia. Hakukubali mabua ya sehemu nyingine. Aliyafunga vizuri, akayapandisha darini yasiguswe na unyevu, na Siku ya Marehemu ikifika anayashusha, anayatandaza, anayalaza upande mmoja. Miiba ikakua, ikampita mtu kimo, na kila mvua za kwanza zilipopiga ilichipua majani laini juu ya mabua mapya.

Sasa nifike kwenye ngano.

Ilianza pembe ile ile. Mwaka mmoja Bartholomeo alitoka shambani suruali yake imekuwa nyekundu mpaka magotini, kama mtu aliyepita kwenye unga wa tofali. Ngano ilikuwa na vidonda kwenye shina, ukigusa vinatoa vumbi la rangi ya kutu. Tukasema ni hali ya hewa. Mwaka uliofuata vumbi likaanza pale pale, mapema zaidi, likateremka shamba zima, likavuka kwa Shedrack, jirani yake wa bondeni. Wakabadilisha mbegu, wakapata aina iliyosifiwa kuwa haishikwi na kutu. Ilisimama vizuri, tukafurahi. Haikupita misimu mingi nayo ikaanza kuanguka, na punje zake zikawa nyembamba, ukizitafuna hazina kitu.

Shedrack si mtu mbaya. Ana familia kubwa na shamba lake ndilo linawalisha. Lakini njaa inalegeza ulimi, na siku moja alisema hadharani kile ambacho wengine walikuwa wanakinong'ona: kwamba kutu inatoka kaburini, kwamba mtoto hajalala vizuri kwa sababu baba yake hakumlilia. Nilikuwepo. Nilimwambia afunge mdomo wake kabla sijamfunga mimi, na akafunga. Bartholomeo alikuwepo pia, na aliendelea kutazama chini.

Ndipo akaja Esta. Esta ni afisa ugani wetu, msichana wa Iringa mjini, watu wanamwita bwana shamba ingawa anavaa sketi, na yeye ameshachoka kuwasahihisha. Alipanda mpaka juu mwezi wa kwanza, shamba likiwa tupu, hata kupanda bado. Nikamuuliza, "Mwanangu, utaona ugonjwa gani kwenye udongo mtupu?" Akasema, "Mama, sikuja kuangalia ngano. Nimekuja kuangalia inakotoka." Akaenda moja kwa moja kwenye miiba.

Aligeuza jani moja, akataja jina la Mungu taratibu. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akatuita tuone. Kwa juu jani lilikuwa na madoa ya njano yenye tone dogo la utomvu, na nzi walikuwa wanayanyonya. Kwa chini, chini ya kila doa, kulikuwa na vikombe vidogo vidogo vya rangi ya machungwa, vimejipanga vizuri, vimejaa unga. Nilikuwa nimepita kwenye miiba ile mara zisizo na idadi na sikuwahi kuviona.

Esta akakaa kwenye nyasi akatueleza, na alieleza vizuri, maana hata mimi nimeshika. Kutu ya ngano ni kuvu, na kuvu hili linaishi kwa spora, yaani vumbi ambalo kila chembe yake ni kama mbegu. Ila spora zake si za namna moja. Linabadilisha nguo mara tano. Lile vumbi jekundu la kwenye ngano linaruka kutoka ngano hadi ngano, msimu mzima. Ngano ikikauka, kuvu linaacha kutoa wekundu, linatoa spora nyeusi, zenye ganda gumu, zinazong'ang'ania kwenye bua. Hizo haziruki. Zinalala kiangazi chote, jua haliziui, baridi haiziui. Mvua za kwanza zikizilowesha zinaamka na kutoa spora nyingine, ndogo mno, ambazo haziwezi kushika ngano hata kidogo na haziendi mbali. Zinatafuta majani machanga ya mti mmoja tu, mti huu wa miiba. Pale kwenye jani ndipo matone yanapotoka, nzi wanayachanganya, spora zinaoana, na hapo ndipo aina mpya ya kutu inapozaliwa, ile inayokuja kuishinda mbegu mliyoambiwa haishikwi. Halafu vikombe vinafunguka chini ya jani, vumbi linaruka, na vumbi hilo haliwezi tena kurudi kwenye miiba. Linakwenda kwenye ngano.

"Sisemi kutu yote ya Mufindi inatoka hapa," Esta alisema. "Nyingine inakuja na upepo kutoka mbali. Lakini ya kwenu inawahi kuliko ya wengine wote, na inaanzia hapa. Ninachoshangaa ni kimoja tu. Spora nyeusi haziruki, na mabua ya shambani ng'ombe huyamaliza kiangazi. Nani analeta mabua karibu na miiba hii?"

Mimi nilimtazama mdogo wangu, na yeye alikuwa ameinama, ameingiza mkono katikati ya miiba, akavuta bua moja kutoka juu ya kaburi. Lilikuwa na michirizi myeusi urefu wake wote.

"Kwa hiyo nisingeweka haya?" aliuliza.

"Usingeweka, mzee, kuvu lisingekuwa na njia rahisi hivi ya kurudi," Esta akajibu. Alikuwa hajui chini ya mabua kuna nini. Alipoona msalaba mdogo wa mbao ndani ya miiba alivua kofia, akasema, "Nisamehe, baba." Bartholomeo akamwambia hana kosa.

Miiba ilibaki imesimama, na msimu huo kutu ilikula shamba lake na la Shedrack pia, na Oktoba mkutano wa kijiji ukakaa. Walizungumza kwa heshima, siwezi kuwasema vibaya. Kuacha kuweka mabua pekee hakutoshi, Esta alieleza, kwa sababu ngano inaota hatua chache tu kutoka pale, na bua hata moja likipeperushwa linatosha. Miiba lazima ing'olewe na mizizi yake kabla ya mvua za kwanza, la sivyo mwaka unaokuja watu wa upande ule wasipande ngano kabisa. Mwenyekiti akamuuliza Bartholomeo kama anakubali. Akasema, "Siwezi kuing'oa peke yangu." Vijana wakadhani anaomba msaada, wakasema watakuja na sururu. Wazee walielewa, wakawaambia vijana wakae chini. Lakini mwenyekiti akasema mvua haingoji ukoo wa mtu, na wakakubaliana kwamba Siku ya Marehemu ikipita miiba ikiwa bado imesimama, vijana wataing'oa.

Kesho yake mdogo wangu alikuja kwenye banda langu asubuhi, kabla ya malori kujaa. Amevaa koti lake la misa. Akasema, "Dada, twende Ilomba."

Nilifunika sufuria, nikamwachia jirani banda, nikajifunga kitenge kizuri. Mtu haendi ukweni peke yake kwa jambo zito, na huyu akienda peke yake angekaa kwenye kiti mpaka jioni bila kutamka kitu. Basi likatupeleka, Makambako, Igawa, Uyole, na njia nzima alikaa kanyoosha mikono juu ya magoti. Nilijua anachoogopa. Akikataliwa, watoto wa watu watang'oa kaburini kile ambacho yeye na mkewe walikipanda, naye atasimama pembeni anatazama.

Gwakisa alitupokea kwa heshima. "Karibu, shemeji," alimwambia Bartholomeo, akampa kiti cha mbele kama vile tuliagana jana. Atuganile akatoka jikoni anafuta mikono. Nywele zake zimeingia mvi. Alinitazama kwanza mimi.

"Wifi, umezeeka," akasema.

"Na wewe umenenepa," nikamjibu. Wote wawili tulitaka kucheka, ikashindikana.

Nikaanza kumsemea mdogo wangu kama kawaida yangu, habari za nyumbani, habari za mvua, nikitafuta pa kuingilia. Akaniwekea mkono begani. Hajawahi kunikatiza tangu tuzaliwe.

"Mama Bupe," alisema. Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu mazishi. "Ile miiba tuliyopanda inatakiwa kung'olewa. Siwezi bila wewe."

Atuganile alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Miaka yote hii umekaa kimya," alisema. "Leo umenifuata, na umenifuata kwa ajili ya miiba."

"Ndiyo."

Nilitamani kumpiga kofi. Atuganile akasimama, nikajua tumekwisha, anarudi jikoni. Lakini Bartholomeo akaendelea kusema, taratibu, akitazama sakafu, kama mtoto anayejibu katekisimu.

"Inabeba kutu ya ngano. Mabua yana spora nyeusi, mvua ikinyesha zinaamka, zinaingia kwenye miiba, zinaoana huko, halafu zinarudi kwenye ngano. Mashamba ya watu yanakufa. La Shedrack limekufa."

"Mabua yamefikaje kwenye miiba? Miiba iko kaburini."

"Nayaweka mimi."

"Unayaweka wapi?"

"Juu yake. Asilowe."

Gwakisa aliinuka akazima redio. Atuganile alikuwa bado amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Mwaka gani uliweka?" aliuliza.

"Kila mwaka. Ulisema nisimwache."

Akaingia ndani. Tulikaa hapo, wanaume wawili na mimi, hakuna aliyegusa chai. Tulimsikia anafungua kabati, anafunga. Aliporudi alikuwa amevaa sweta na amebeba begi, na nililitambua, lilikuwa lile lile. Akamshukuru kaka yake kwa lugha yao, "Ndaga, Gwakisa," kisha akatuambia sisi, "Twende, tusikose basi."

Siku ya Marehemu hatukuchelewa misa. Tulipotoka watu wengi walitufuata mpaka juu, Shedrack na wanawe, wazee, Esta na buti zake, wakasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa mashariki. Atuganile alishika mti wa kwanza kwa kitambaa, Bartholomeo akapiga sururu, wakavuta pamoja. Mizizi ilitoka na njano yake ikang'aa. Walikwenda hivyo hivyo mti kwa mti, kama walivyopanda, ila safari hii walikuwa wanatazamana, maana bila kutazamana huwezi kuvuta kwa nguvu moja. Miiba iliwachana mikono. Vijana walitaka kusogea, Shedrack akawazuia.

Miiba ilipokwisha kulundikwa, Esta akasema mabua nayo lazima yachomwe, yote, mpaka ya chini. Mdogo wangu alisimama tu. Ndipo Atuganile akapiga magoti, akaanza kuyatoa mwenyewe. Ya mwaka jana yalikuwa bado ya kijivu na michirizi yake. Chini yake ya mwaka uliotangulia, laini. Chini yake mengine, na mengine, tabaka juu ya tabaka, meusi, yamekaribia kuwa udongo, na yote yamelazwa upande mmoja, vile alivyoyalaza yeye siku ile. Aliyatoa polepole kwa viganja mpaka akafika kwenye tuta.

Makaburi ya wakati ule, hapo kwetu kwenye mteremko, mvua zimeshayasawazisha. Mengine tunayajua kwa msalaba tu. Tuta la Bupe lilikuwa juu vile vile kama jioni ile tuliyoliacha. Kingo zake zimesimama. Maji hayakuwa yamechimba hata mfereji wa upana wa kidole.

Atuganile aliweka mikono yote miwili juu yake.

"Baba Bupe," alisema, "hajalowa."

Bartholomeo alikaa chini kwenye udongo. Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya Shedrack, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wale wale waliomhesabia macho makavu, na sauti ilikuwa ile niliyokuwa nasimama njiani kuisikiliza. Atuganile hakumnyamazisha. Alikaa karibu naye, akaacha mkono mmoja kwenye tuta na mwingine akampa yeye. Nami nilikuwa nalia, na sikuwa na neno la kumsemea mtu.

Tulichoma miiba na mabua pamoja. Esta alikaa na moto mpaka ukafa, watu wakateremka mmoja mmoja. Shedrack ndiye aliyeleta majani makavu ya mipaina, magunia na magunia, yale membamba yasiyopitisha maji. Alimuuliza Esta kwanza kama yana kutu ya ngano, akaambiwa hayana. Akayaweka chini, akampa Bartholomeo mkono, akaondoka na wanawe.

Mvua ya kwanza ilipiga wakiwa bado wanatandaza. Nikawaita waje jikoni, chakula kipo, kazi wataimalizia baadaye. Hawakuja. Walikuwa wamepiga magoti, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wanalaza majani upande mmoja, na walilowa wote wawili mpaka walipomaliza kumfunika.